Sauti ya Marehemu Katika CD

Juma lililopita tulikuwa tukilipanga upya kabati la marehemu baba yetu, Allah amrehemu. Chini ya vitabu tukaikuta CD moja ambayo juu yake ameandika kwa mkono wake: Darsa za Ramadhani. Simu iliyokuwa na darsa hizo iliibiwa zamani, na sote tulidhani sauti ile imekwenda nayo. Tukaitia CD katika deki. Mama aliketi kimya zaidi ya saa nzima, hata chai yake ikapoa.

Vijana wetu hututania kwamba bado tunaitunza deki sebuleni. Siku ile hawakututania.

Ndugu wasomaji, wengi wetu tulilelewa na kanda za kaseti. Utepe wa kaseti husugua kichwa cha mashine kila unapochezwa, hivyo darsa ipendwayo zaidi ndiyo ichakaayo mapema, na utepe ukinaswa tulikimbilia kalamu ya risasi kuurudisha. CD, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1982, haiguswi na kitu inaposomwa. Mwale wa leza humulika alama ndogo mno, ukianzia katikati kuelekea ukingoni, na nuru inayorudi ndiyo inayogeuzwa kuwa sauti. Mtoto anayehifadhi Qur'ani huweza kuirudia sura moja mara mia bila kuichakaza, na huifikia kwa kubonyeza kitufe, pasipo kuvuta utepe mbele na nyuma.

Usomaji kamili wa Qur'ani wa Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary ulitolewa Misri mwaka 1961 kwa santuri. Ukaja kwenye kaseti, kisha kwenye CD. Katika hatua zote hizo, aliyenunua alikuwa na kitu mkononi: aliweza kukiazima kwa jirani, kukiweka wakfu madrasani, au kukiachia warithi. Tunachosikiliza leo kupitia mtandao hakina sifa hiyo. Bando likiisha, kimya. Tangazo la sabuni hukatiza kisomo bila haya. Na akaunti ya marehemu hufungwa na neno la siri alilokwenda nalo kaburini. Hilo warithi hawagawani.

Hatusemi CD haiharibiki. Zile zinazorekodiwa nyumbani au dukani hutumia rangi maalumu inayodhoofishwa na jua na joto, basi kuiacha mbele ya kioo cha gari ni kuipoteza. Ishikwe kwa kingo. Ifutwe kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, si kwa kuzungusha. Wengi huulinda upande unaong'aa na kuudharau ule wenye maandishi, ilhali data ipo karibu sana na maandishi hayo, na mkwaruzo wa upande huo huenda usitibike kabisa.

Nasi tumekwisha kutoa nakala tatu. Moja ipo kwa dada yetu Tanga, moja kwa ami, na moja imewekwa kwenye kompyuta ya binamu, baada ya kuhangaika kupata kompyuta yenye mahali pa kutia CD. Ile yenye mwandiko wa baba imebaki kwa mama. Sasa tunatafuta deki ya pili ya akiba, maana fundi wa mtaani kwetu ametuambia vipuri vyake vinazidi kuadimika.