Kasi ya Mashine Isitupumbaze

Mashine ya ultrasaundi si kitu kigeni tena visiwani. Mama mjamzito anaijua, na mgonjwa wa ini anaijua. Lakini wengi hawafahamu, na pengine wamo baadhi ya wale wanaotia saini hati za ununuzi, kwamba mashine hiyo haipigi picha kama kamera. Hutoa sauti isiyosikika kwa sikio la binadamu, hungoja mwangwi urudi, kisha huunda picha kwa hesabu. Hesabu hiyo ndiyo roho ya mashine, nayo ndiyo tunayopenda kuizungumzia leo.

Sauti hupita katika nyama laini za mwili kwa wastani wa mita 1,540 kwa sekunde. Ikizama sentimita 15 na kurudi, haimalizi hata sehemu moja ya 5,000 ya sekunde. Kwa utaratibu wa asili, picha hujengwa mstari baada ya mstari, mithili ya mvuvi atupaye mshipi mahali pamoja, akauvuta, kisha akasogea. Picha yenye mistari 128 huhitaji safari 128 za sauti. Kwa hiyo, katika sekunde moja hupatikana picha 40 hivi.

Utaratibu mpya ni wa jarife. Wimbi moja pana na bapa hutumwa mara moja katika eneo lote linalopimwa, na miangwi yote hupokewa na kuhifadhiwa. Hapo kompyuta huanza kazi. Kwa kila nukta ya picha, hukokotoa muda ambao sauti imetumia kwenda na kurudi, huipanga miangwi ioane kwa wakati, kisha huijumlisha. Kwa njia hii picha hufika maelfu kwa sekunde.

Hata hivyo, jarife huzoa na takataka. Picha ya wimbi moja huwa na ukungu. Mwaka 2009 Gabriel Montaldo, Mickaël Tanter na wenzao wa Paris, Ufaransa, walieleza dawa yake: hutumwa mawimbi kadhaa kwa pembe mbalimbali, na yatokanayo yakajumlishwa kuwa picha moja. Pembe 10 huishusha idadi kutoka picha 5,000 hadi 500 kwa sekunde, lakini uangavu hurudi. Ndiyo kusema kwamba kasi ina bei yake, na mnunuzi sharti aijue.

Wala kasi hiyo si anasa. Ini lililoharibiwa na homa ya ini aina ya B hukakamaa. Mashine ikilisukuma kidogo kwa sauti, mtikisiko hupita ndani yake kwa mita chache tu kwa sekunde, na kadiri ini linavyokuwa gumu ndivyo mtikisiko unavyokwenda mbio. Mashine ya picha 40 haiwezi kuufuatilia, kwani hutoweka kati ya picha na picha. Mashine ya picha maelfu huuona na kuupima, na mara nyingi mgonjwa huepushwa na sindano ya kukata kipande cha ini.

Sasa zimekuja na hesabu za akili mnemba zinazosafisha picha. Hizo nazo zina manufaa, lakini zataka hadhari: kompyuta iliyofunzwa kwa picha za watu wengine yaweza kuchora kisichokuwapo au kufuta kilichopo. Daktari asiyejua picha imeundwaje hatakuwa na njia ya kuitilia shaka.

Rai yetu kwa Serikali ni hii. Kwanza, muuzaji akitaja kasi, aulizwe ni kwa kina gani na kwa pembe ngapi. Pili, mkataba uwape wataalamu wetu haki ya kuipata miangwi ghafi, badala ya picha iliyokwisha kupikwa peke yake. Tatu, fedha za mafunzo zitengwe pamoja na fedha za mashine, si baada yake.

Kwa vijana wetu wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na vyuo vingine, mlango u wazi. Mwaka 2016, katika mkutano wa kimataifa wa wataalamu uliofanyika Tours, Ufaransa, yaliandaliwa mashindano ya kuunda picha kwa wimbi bapa, na miangwi iliyorekodiwa ikatolewa kwa yeyote ajaribu hesabu yake. Kazi hiyo hutaka kompyuta, hisabati na subira. Haihitaji kiwanda.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kununua chombo ni lazima kwa sasa, kwa kuwa hatukitengenezi. Lakini elimu ya kukisoma chombo hicho hainunuliwi bandarini. Hiyo ni ya kujifunza wenyewe, na wakati wa kuanza ni huu.