NDEGE ZA VITA ZIELEZE UKWELI WOTE

Katika uwanja wa jeshi wa Swartkop, karibu na mji wa Pretoria, lipo Jumba la Makumbusho la Jeshi la Anga la Afrika Kusini. Jumba hilo lilianzishwa mwaka 1973, wakati makaburu wangali wanatawala. Humo zimehifadhiwa ndege za vizazi mbalimbali, tangu zile za Vita Kuu ya Pili ya Dunia hadi zile za jeti zilizotumika katika vita vya Namibia na Angola.

Kuhifadhi vyombo hivyo ni jambo jema, kwani taifa lisilotunza vitu vyake vya kale hupoteza ushahidi wa historia yake. Hata hivyo, chuma hakisemi chenyewe. Kijana anayeitazama ndege iliyong'arishwa huweza kustaajabia kasi na nguvu yake tu, asiulize ilitumwa na nani, wapi, na kwa madhumuni gani.

Historia ya jeshi hilo yaonyesha umuhimu wa swali hilo. Mwaka 1944 marubani wa Afrika Kusini waliruka kutoka Italia kuwapelekea silaha na chakula wapiganaji wa Warsaw walioinuka dhidi ya Wanazi, na wengi wao hawakurudi. Miaka 34 baadaye, tarehe 4 Mei 1978, ndege za Canberra na Buccaneer za jeshi hilohilo zilishambulia kambi ya Wanamibia huko Cassinga, kusini mwa Angola, kisha wakateremshwa askari wa miavuli. Watu wapatao 600 waliuawa, wakiwemo wanawake na watoto wengi. Makaburu walidai kuwa wamepiga kituo cha kijeshi. SWAPO ikasema waliouawa ni wakimbizi. Siku mbili baadaye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lililaani uvamizi huo. Na mwaka 2000, baada ya utawala wa kibaguzi kuondolewa, helikopta za jeshi hilo ziliokoa maelfu ya watu katika mafuriko ya Msumbiji, akiwemo mama aliyejifungua mtoto juu ya mti.

Ni dhahiri, basi, kwamba ndege haina siasa. Mwenye siasa ni yule anayeituma. Makumbusho yanayotaja ukubwa wa injini na uzito wa mabomu bila kuwataja walioangukiwa na mabomu hayo yatakuwa yamesimulia nusu ya habari.

Upo mfano wa kutia moyo. Mwezi Desemba 1988 ndege ya Angola aina ya MiG-21 ilipotea njia, ikaishiwa mafuta na kutua Namibia, ambako ilikamatwa. Kwa miaka mingi ilionyeshwa Swartkop. Mwezi Septemba 2017 Afrika Kusini iliirudisha Angola kwa nia njema. Kitendo hicho kilikiri kwamba majirani waliopigana jana ni ndugu leo, na kwamba kumbukumbu za vita hivyo ni mali yao wote.

Jambo hili linaihusu pia Tanzania. Tangu mwaka 1963 Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, na wapigania uhuru wa Namibia, Angola, Msumbiji na Afrika Kusini walipokewa nchini kama ndugu. Wazee walioishi nao wanazidi kupungua. Ndege hutunzwa kwa mafuta na rangi; ushahidi wa wazee hao hutunzwa kwa kuandikwa.

Kwa hiyo hapana budi walimu wa historia wawatume wanafunzi wao kwa wazee hao wangali hai, na watumishi wa serikali wenye dhamana ya nyaraka wahakikishe kwamba majalada ya miaka ile hayaachwi yaliwe na mchwa. Wale waliokuwa chini ya ndege hizo nao wanastahili kuhifadhiwa.