Maoni: Mawese yako sokoni, kwa nini sabuni ikosekane kambini?

Kwa familia nyingi zilizokimbia vita Kivu ya Kusini, sabuni ni kitu cha kungojea. Shirika likileta, watu wananawa. Lisipoleta, mama anaogesha watoto kwa maji matupu. Na hii ni huku Uvira na Fizi, ambako kipindupindu kinarudi mara kwa mara. Wakati huohuo, mafuta ya mawese ya Fizi yanauzwa sokoni kwa bidoni.

Sabuni inatoka ndani ya mawese hayo. Wanakemia wanaweka mafuta katika jamii ya vitu vinavyoitwa esta. Esta inapatikana asidi ikiungana na alkoholi, na maji yakatoka. Esta ndogo huruka hewani, na ndizo zinazofanya ndizi mbivu inukie. Esta za mawese ni kubwa na haziruki: kila moja ni gliserini iliyoshikana na asidi tatu za mafuta. Soda kostiki ikiingia, inavunja muungano huo. Asidi za mafuta zinageuka sabuni, na gliserini inabaki humo, inalainisha ngozi.

Wamama wengi wanajua kazi hii. Kinachowakosa ni mizani. Kilo moja ya mawese inataka soda safi gramu 135 hivi, iliyoyeyushwa katika maji gramu 350. Soda ikizidi, sabuni inaunguza mikono, ndiyo maana wengine wanaidharau sabuni ya kienyeji. Ubaya hautoki kwa mawese, unatoka kwa kipimo.

Kuna wanaosema soda ni hatari kambini penye watoto. Ni kweli, inaweza kupofusha macho. Lakini kuna kanuni: soda ndiyo inamwagwa ndani ya maji, kamwe si maji juu ya soda, sufuria ya aluminiamu isitumiwe, mikono na macho vifunikwe, soda ikimgusa mtu, aoshwe kwa maji mengi, na sabuni ikae wiki nne kabla ya kutumiwa. Mambo haya yanafundishika.

Mashirika yaendelee kugawa sabuni, zaidi wakati wa mlipuko. Lakini yalete pia mizani, glavu, soda iliyofungiwa mahali salama na mwalimu, na yanunue mawese kwa wakulima wa hapa. Kipande cha msaada kinaisha haraka. Ujuzi, mama atarudi nao kijijini siku amani itakaporudi.