SHILINGI YA BARABARA NI AMANA, ULIZA IMEKWENDA WAPI



Ndugu yangu katika imani, kila masika yanapokata barabara zetu hapa Kigoma, utasikia mtu anasema: "Hiyo ni mali ya serikali, haina mwenyewe." Leo tuyapime maneno haya kwa mizani ya dini.

Kwanza ujue pesa inatoka wapi. Kila lita ya petroli au dizeli unayonunua ina tozo ya barabara ndani ya bei yake. Tozo hiyo inakwenda kwenye Mfuko wa Barabara, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1998. Mfuko unawapa TANROADS kwa barabara kuu na za mikoa, na TARURA, wakala ulioanza mwaka 2017, kwa barabara za vijijini na mitaani. Mwaka 2021 Bunge likaongeza shilingi 100 kwa kila lita, na tukaambiwa nyongeza hiyo ni ya barabara za TARURA.

Sasa piga hesabu. Tuseme kijana wa bodaboda hapa Ujiji anatumia lita 3 kwa siku. Kwa nyongeza ile peke yake anatoa shilingi 300. Akifanya kazi siku 300, ni shilingi 90,000 kwa mwaka. Mama mjamzito anayempakia kwenda kliniki amechangia ndani ya nauli. Anayenunua mawese na dagaa sokoni amechangia ndani ya bei.

Na mvuvi je? Petroli ya injini ya boti inanunuliwa sheli ile ile kwa bei ile ile. Anachangia barabara ilhali yuko majini! Kumbukeni mwaka 2015, ndugu zetu wakimbizi wa Burundi walipojaa Kagunga. Ilibidi MV Liemba iwabebe kwa maji mpaka Kigoma, kwa sababu gari halikuwa na njia ya kufika kule.

Basi usiseme haina mwenyewe. Wenyewe ni hao. Allah katika Suratun Nisaa, aya ya 58, anatuamrisha tufikishe amana kwa wanaostahiki. Mtume (s.a.w.) alipomtuma mtu kukusanya zaka, akarudi na kusema hiki chenu na hiki nimezawadiwa mimi, alipanda mimbari akauliza: kama angekaa nyumbani kwa wazazi wake, zawadi ingemfuata? Na imepokewa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) aliogopa kuulizwa na Mola wake hata juu ya mnyama akijikwaa huko Iraq, kwa nini hakumsawazishia njia. Yule ni mnyama. Vipi mzazi anayejifungulia njiani?

Kwa hiyo, ndugu yangu, uliza. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria unatakiwa kila miezi 3. Nenda, usimwachie mwenyekiti na watu wake watano. Uliza barabara yetu imetengewa kiasi gani, mkandarasi ni nani, amelipwa kwa kilomita ngapi za changarawe na makalavati mangapi. Kisha mkatazame wenyewe. Lakini usimtuhumu mtu bila ushahidi, dhana mbaya ni dhambi. Kuuliza si fitna wala si kupinga serikali. Ni kumsaidia mwenye amana asiangamie nayo.

Na sisi tujitazame. Nani anatupa taka kwenye mtaro mpaka maji yanapanda barabarani? Nani anachimba barabara kupitisha bomba, kisha anaacha shimo? Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kuondoa chenye kudhuru njiani ni tawi la imani. Anayekiweka hapo basi yuko upande gani?

Ewe Mola, wape viongozi wetu hofu yako, nasi utupe ujasiri wa kuuliza kwa adabu. Aamiin.

Wallaahu a'lam. Mfikishie na mwenzako.