Seyyida Salme Si Kisa cha Mapenzi

Imekuwa desturi kumsimulia Seyyida Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, kama binti wa sultani aliyetoroka kwao kwa penzi la mfanyabiashara Mjerumani, na wasomaji wa Handeni na Korogwe wamezoeshwa kuamini kuwa hayo ni mambo ya majumba ya Unguja yasiyowahusu. Imani hiyo ni ya kivivu, nayo inamdhulumu Salme na Wazigua wa wilaya hizo kwa pamoja.

Kabla ya penzi kulikuwa na kalamu. Mabinti wa jumba la sultani walifundishwa kusoma Kurani lakini si kuandika. Salme alijifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, na ujuzi huo ndio uliomfanya, akiwa na miaka 15 hivi, kuwa katibu wa njama ya 1859, yaani mpango wa kaka yake Barghash wa kumpindua Sultan Majid, kaka yao wote wawili. Njama ilishindwa, Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay, na Salme alipopatana na Majid baadaye, Barghash hakumsamehe. Ndoa ya Salme na yule mfanyabiashara, Rudolph Heinrich Ruete, iliyofungwa Aden mwaka 1867, ilidumu miaka mitatu tu kabla mume huyo hajafa kwa ajali mjini Hamburg.

Mwishoni mwa 1884 mkoloni Mjerumani Karl Peters alikusanya mikataba ya hila katika Uzigua, nchi ambayo Handeni imo ndani yake, pamoja na Nguru, Usagara na Ukami, na tarehe 27 Februari 1885 Kaisari akaitolea hati ya ulinzi, yaani tamko la kuziweka nchi hizo chini ya Ujerumani. Barghash, ambaye sasa ndiye sultani, alipinga. Agosti mwaka huohuo manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya jumba lake, na Salme alikuwamo katika msafara huo, akidai urithi wake. Dai la mjane likawa fimbo mkononi mwa Bismarck, kansela wa Ujerumani. Ni kweli kwamba Ujerumani ingeitwaa Uzigua hata bila yeye. Hata hivyo, Barghash alipokubali masharti, dada yake aliondoka bila urithi aliokuwa akiudai, na njia ikawa wazi kwa reli ya Tanga iliyofika Korogwe mwaka 1902 na kwa mashamba ya mkonge yaliyoifuata.

Mwaka 1886 Salme alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani, akiwasuta Wazungu kwa ujinga wao kuhusu wanawake wa Kiarabu, na humohumo, jambo ambalo wasifu wake wa kimapenzi hulikwepa, akautetea utumwa. Njaa ya miaka ya 1830, baba yake akiwa sultani, iliwafanya Wazigua wengi wauzwe utumwani hadi Somalia, ambako wajukuu wao waliendelea kusema Kizigua mpaka vita vikawarudisha wengine kama wakimbizi, wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni. Watu wa Chogo wana hoja za kumjibu mwandishi huyo, lakini kwanza wapewe kitabu chake kama kazi ya siasa, si kama hadithi ya wapenzi.