Fumbo la kweli halidanganyi



Jioni, chakula kikiisha kuliwa na moto ukibaki makaa, mtoto mmoja husema: «Kitendawili!» Wenzake hujibu: «Tega!» Naye husema: «Nyumba yangu haina mlango.» Wote hukisia, huyu hivi na yule vile, mpaka mmoja anapotaja yai. Hapo kila mtu huona ya kuwa maneno yale yalikuwa kweli tangu mwanzo. Ni sisi tulioyasikia vibaya.

Juma hili twataka kuwasimulia habari ya kitendawili cha namna nyingine, ambacho Waingereza hukitega kila siku katika magazeti yao. Ni mraba wenye vyumba vidogo, vyeupe na vyeusi. Katika kila chumba cheupe huandikwa herufi moja. Maneno mengine hulala, mengine husimama, nayo hukatana, hata herufi moja hutumika kwa maneno mawili. Kando ya mraba yameandikwa madokezo yenye namba, na kila dokezo huongoza kwenye neno lake.

Mchezo huu haukuanzia Uingereza. Tarehe 21 Desemba 1913, Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, alitoa fumbo la kwanza la namna hii huko Marekani, katika gazeti la New York World. Madokezo yake yalikuwa mepesi: yaliuliza maana ya neno tu. Lakini mchezo ulipovuka bahari na kufika Uingereza, watu wa huko waliuongezea ugumu. Mwaka wa 1926 Edward Powys Mathers alianza kutunga mafumbo katika gazeti la Observer, akajiita Torquemada, jina la yule mkuu wa baraza la Hispania aliyehukumu wazushi wa dini. Kwa jina hilo aliwaonya wasomaji wake ya kuwa watateswa! Alipofariki mwaka wa 1939, mwalimu mmoja wa Kigiriki na Kilatini, Derrick Somerset Macnutt, alikishika kiti chake, akajiita Ximenes, jina la mkuu mwingine wa baraza lile lile.

Mateso yenyewe ni ya namna gani? Tuchukue mfano tuliotunga wenyewe katika lugha yetu: «Lima ovyo, upate utajiri, herufi nne.» Mkulima akisoma hivyo atakasirika. Nani aliyepata kutajirika kwa kulima ovyo? Lakini asikasirike, asome tena, neno kwa neno. Neno la mwisho, «utajiri», ndilo maana ya jibu. Neno «lima» ndilo linalotoa herufi. Na «ovyo» ni amri ya kuzivuruga herufi hizo. Vuruga L, I, M, A, nawe utapata M, A, L, I: mali! Dokezo lilionekana kusema habari za shamba, kumbe lilisema habari za herufi. Halikusema uongo hata kidogo. Ni macho yetu yaliyokimbilia jembe.

Hapo ndipo ilipo haki ya mchezo huu. Mwaka wa 1966 Macnutt alitoa kitabu cha kueleza sheria zake. Mtunzi ana ruhusa ya kumpoteza msomaji kwa sura ya nje ya maneno; lakini maneno hayo yakifunguliwa, kila moja lapaswa kuwa na kazi yake, na njia ya kufikia jibu iwe imo ndani ya dokezo lenyewe. Mtunzi akificha njia yote, hakutega fumbo; amefunga mlango tu na kutupa ufunguo.

Kwa sababu hiyo wapenzi wa mchezo huu hawaridhiki na kujaza vyumba. Hukaa wawili watatu juu ya gazeti moja, mezani asubuhi au katika gari la moshi, nao hushindana kwa hoja. Mmoja asema: «Jibu ni hili.» Mwenzake auliza: «Kwa nini?» Asiyeweza kueleza sababu hajashinda bado, hata kama herufi zake zaingia vyumbani sawasawa. Na mara nyingi yule aliyekuwa kimya, ambaye hakupata hata neno moja, ndiye atakayeona kwa nini jibu la mwenzake ni la kweli. Huyu ajua majina ya mimea, yule ajua mambo ya muziki, wa tatu ajua Maandiko. Fumbo moja huwahitaji wote. Wanafunzi wetu walizingatie jambo hilo watakapoandika jibu la hesabu walilonakili kwa jirani.

Sasa twawasimulia juu ya mtunzi mmoja aliyependwa kuliko wengi. Ni John Galbraith Graham, mchungaji wa Kanisa la Kianglikana, aliyezaliwa mwaka wa 1921. Tangu mwaka wa 1958 alitunga mafumbo ya gazeti la Guardian, na baadaye wasomaji wakamjua kwa jina la Araucaria. Hilo ni jina la mti wenye majani makali kama miiba, ambao Waingereza huuita fumbo la kima, kwa maana hata kima angetatizika kuupanda. Watu wengi walianza siku yao pamoja naye miaka na miaka, bila kumwona uso.

Katika mwezi wa Januari 2013 gazeti lilitoa fumbo lake lingine. Juu yake alikuwa ameandika maneno machache: ya kuwa Araucaria ana kitu kilicho katika namba kumi na nane, cha namba kumi na tisa, nacho chatunzwa kwa namba kumi na tatu na kumi na tano. Wasomaji walichukua kalamu kama ilivyo desturi. Herufi moja ikaleta nyingine. Namba kumi na nane ilikuwa kansa. Namba kumi na tisa ilikuwa umio, yaani njia ya chakula. Na zile mbili za mwisho zilitaja matunzo apewayo mgonjwa ambaye haponi tena, ili maumivu yake yapungue.

Fikirini, wasomaji wapendwa, mkono ukiandika neno hilo chumba kwa chumba. Mzee huyu wa miaka zaidi ya tisini hakupenda kuwatangazia rafiki zake kwa kishindo, wala hakutaka kuwaficha. Aliwaambia kwa lugha waliyozoea kuongea naye, akawaacha waifikie habari kila mmoja kwa mwendo wake. Wengi walimwandikia barua. Yeye aliendelea kutunga, na tarehe 26 Novemba 2013 akafariki.

Kwetu pia habari nzito haitupwi usoni mwa mtu. Mjumbe huketi kwanza, hunywa maji, huuliza habari za nyumbani, ndipo neno lenyewe hukaribia polepole. Hiyo ni heshima, na twaisifu. Lakini tujue kupambanua. Yako mafumbo ya namna nyingine vijijini mwetu: mke hupigiwa mafumbo na mawifi zake kisimani, mgonjwa hufichwa ugonjwa wake mpaka siku ya mwisho, mtoto yatima hazungumziwi habari za baba yake ila kwa kukonyezana. Mafumbo hayo hayana njia ndani yake. Yametegwa ili mtu asijue, au ajue tu ya kuwa anachekwa. Wazee walisema: «Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua.» Nasi twaongeza: mfumbie mwenzako lile tu unalotaka aligangue.

Basi, kabla ya kusema kwa mafumbo nyumbani mwako, jiulize kama mtunzi mwema: je, nimemwachia ndugu yangu ufunguo?

Na sasa zamu ni yenu, wanafunzi. Ketini pamoja na wazazi wenu, mkajaribu hili: «Ndani ya bata atembeaye usiku mna cha kumulikia nyumba, herufi tatu.» Msimchinje bata, someni vizuri tu. Jibu tutalitoa juma lijalo, pamoja na sababu yake, kwa maana jibu lisilo na sababu hatulipokei.