Bustani si Uwanja wa Chuoni

Ndugu zangu na wanangu, nina neno juu ya bustani zetu, na najua wapo watakaonuna.

Sisi tuliokulia Unguja tulifunzwa ufagio kabla ya kalamu. Pale chuoni kwetu mtoto hafungui juzuu mpaka uwanja umefagiwa kwa chelewa, jani moja halionekani. Ilikuwa na maana yake: taka zikirundikana huingia nyoka na tandu. Tabia hiyo tumehamia nayo Uingereza. Ikifika Novemba, miti ikapukutisha, utatuona hapa Portsmouth tumeinama, tunakwangua mpaka udongo unabaki uchi, kisha tunapiga moto.

Nami nilikuwa hodari wa hayo. Mwaka mmoja nilirundika majani na vijiti nyuma ya banda, nikayaacha siku tatu yakauke, nikayatia moto bila ya kuyapindua. Asubuhi yake mjukuu wangu akakuta kalunguyeye ndani ya majivu, yule mnyama mdogo wa miiba. Hulala usingizi wa baridi tangu kiasi cha Novemba mpaka Machi, na rundo kama lile kwake ndiyo nyumba. Mtoto akaniuliza kama nilijua. Nimesomesha miaka mingi, na swali lile sikulijibu. Jirani yangu, bibi wa Kiingereza, alikwisha kuniambia nipindue kwanza, nami nikamwitikia kwa adabu tu.

Tangu hapo kazi yangu ya mwanzo wa baridi imepungua nusu. Majani ya njiani nayaondoa, maana yakirowa huteleza, na mifupa yetu wazee si ya kuchezewa. Ya juu ya nyasi nayo nayazoa, yasizifunike zikafa. Ya mawaridi yenye madoa meusi nayatia pipani, kwani ugonjwa hukaa humo ukingoja majira ya kuchipua. Yaliyobaki nayasukuma chini ya miti ya ua. Baada ya mwaka au miwili huwa mbolea nyeusi, laini. Mabua ya alizeti nayaacha yamesimama: ndege hudonoa mbegu, na ndani ya mabua hujificha vile vidudu vyekundu vyenye madoa, ambavyo wakati wa joto hula vidukari kwenye maharagwe yetu. Saa inayobaki napanda vitunguu thomu, ambavyo bila ya baridi havifanyi punje. Na saa zenyewe chache: Desemba Magharibi huingia kiasi cha saa kumi.

Nionavyo, kinachotushika si usafi peke yake, ni hofu ya kusemwa. Dada yangu aliniambia waziwazi: "Kaka, wazungu watasema hawa wageni wachafu." Naielewa hofu hiyo, tumeishi nayo. Lakini bustani ya yule bibi ndiyo yenye mabua mengi kuliko zote mtaani, wala sijasikia anayemsema. Na wapo wenzetu waliochoka na majani wakamwaga saruji mbele na nyuma. Hao hata kalunguyeye wa kumuunguza hawana tena, na mvua ikinyesha maji yote yanakimbilia barabarani.

Dada hajakubali. Amesema Jumamosi atakuja kwangu, na ufagio wake mwenyewe.